Profesa na Mashini ya Mabenchi

Mtu wa kwanza kunifundisha kwamba kukaa bure ni kazi alikuwa profesa wetu wa hesabu pale Kalemie. Nasema kazi kweli, tena yenye nambari yake: arobaini na sita elfu. Sisi wanafunzi tuliitamka kwa Kifaransa chetu, karantisisi mili, na kabla mwaka haujaisha tulikuwa tumewapa jina hilo wavivu wote wa mji. Mpaka leo kuna mzee mmoja bandarini anayeitwa Karantisisi, na watoto wake hawajui baba yao alilipata wapi. Alilipata kwetu.

Sitasema Profesa alizaliwa wapi wala ukoo gani, maana sikumwuliza. Nilimkuta tayari ana upara, tayari ana sauti ya kukwaruza, tayari anasukuma baiskeli. Anasukuma, hapandi. Kila asubuhi alitoka kwake nyuma ya stesheni akiishika usukani kama anayempeleka mgonjwa hospitali, na watu wakimwambia apande, alijibu kwa Kiswahili chetu cha huku, chenye "njo" badala ya "ndiyo", "Nikipanda, miguu njo inafanya kazi. Nikisukuma, kichwa njo kinafanya kazi." Alivaa abakosti, koti letu la kufungwa mpaka shingoni, ya rangi ya majani makavu, vifungo vyote vimefungwa hata joto likiwa la kuchemsha mayai, na chaki aliiweka mfuko wa kifuani. Ikifika saa sita mchana alikuwa mweupe kuanzia kidevu mpaka mkanda, na mama zetu walikuwa wakiuliza kama tunafundishwa hesabu au tunafundishwa kukanda unga.

Enzi za ujana wake alisoma Ulaya, kwenye nyumba yenye mashini kubwa ya kuhesabu. Hakuwahi kuigusa. Wanafunzi walipitisha kadi zao za amri kwenye kidirisha, kama mtu anayenunua stempu posta, na mashini yenyewe waliiona kupitia kioo. Miaka miwili aliitazama kupitia kioo kile! Akarudi kwetu na kitabu kimoja kisicho na jalada, kilichosafiri ziwani katikati ya magunia ya ndagala na hakikuacha kunuka samaki tena. Paka wa shule walimpenda sana Profesa.

Sasa nieleze namna mashini ile ilivyosoma, maana bila hilo utacheka usijue unacheka nini. Mashini ilitaka amri, na kila amri iliandikwa kwa tarakimu, sifuri mpaka saba tu. Nane na tisa haikuzijua kabisa. Lakini haikuchukua amri moja moja. Ilizichukua kwa fungu, tarakimu ishirini kwa mkupuo mmoja. Profesa alitazama darasa letu, akatazama mabenchi yetu ya watu wanne wanne, akapiga kofi kwa furaha mpaka chaki ikafuka. Fungu ni benchi! Amri fupi ina tarakimu tano: huyo ni mwanafunzi mwembamba, anakaa nafasi moja. Amri ndefu ina tarakimu kumi: huyo ni mnene, anataka nafasi mbili. Na mnene huwezi kumkata, nusu akae benchi hili na nusu benchi la nyuma. Ikibaki nafasi moja na anayefuata ni mnene, nafasi ile unamweka Karantisisi, ile 46000, amri isiyofanya chochote, na mnene anahamia benchi jipya.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyokuja kunitoa jasho. Mabenchi yana nambari, wakaaji hawana. Kwa hiyo ukiiambia mashini iruke iende mahali, huwezi kuiambia iende kwa fulani aliyekaa wa tatu. Inaruka inatua kichwani mwa benchi, basi. Amri unayotaka kuirukia lazima ikae wa kwanza. Na benchi lililo mbele yake, kama halijajaa, unalijazia makarantisisi mpaka mwisho.

Tulicheza mashini hiyo karibu kila wiki. Wembamba na wanene walipangwa, kila mmoja na kibandiko cha tarakimu shingoni, na Profesa mwenyewe alikuwa ndiye mashini, anapita benchi kwa benchi akitekeleza. Akisikia "Ruka benchi la pili!" alikuwa anaruka kweli, mtu mzima na upara wake, akivuka mabenchi kama mbuzi wa milimani, na darasa zima likivunjika mbavu. Siku moja Prefe, mkuu wa shule, aliingia katikati ya mruko huo. Sitwayen, yaani mwananchi, ndivyo wakubwa walivyoitana wakati ule.

"Sitwayen Profesa, hii ni somo ao ni michezo?"

"Ni mashini, Sitwayen Prefe. Iko inatembea."

"Iko wapi?"

"Njo hii. Sisi wote njo mashini."

Prefe akamgeukia kijana mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, amekunja mikono, anatazama dari. "Na weye, unafanya nini?"

"Ninakaa bure, Sitwayen Prefe."

"Ju ya nini?"

"Profesa njo alinipa hiyo kazi. Nikitoka hapa, muntu ataruka vibaya."

Prefe akatoka, akafunga mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mzazi aliyejifungua. Tulisikia kicheko chake mpaka mwisho wa ukumbi.

Mambo hayo Profesa hakuyaacha darasani. Mazungumzo hakuingia katikati hata siku moja. Alitaka atue kichwani. Akikuta watu wanasimulia kisa, alisimamisha baiskeli na kusema, "Anzia kwa kichwa." Kulikuwa na mama muuza ndagala aliyekuwa akisimulia sokoni jinsi bwana yake alivyoanguka ziwani na suti ya Jumapili. Alikuwa amefika mwisho mwisho Profesa akatokea. Akaanza tena. Profesa akaitwa kidogo pembeni, akarudi, akaomba kichwa. Mama akashika kiuno. "Papa Profesa, bwana yangu amechoka kuanguka." Watu wakamwagika kwa kicheko, na Profesa akacheka kuliko wote, kisha akaomba kichwa.

Na bado, mtu huyuhuyu wa michezo alikuwa mkali kama pilipili kwenye kuhakiki. Alisoma kila karatasi mara tatu, mara ya tatu akianzia nyuma. Hata orodha ya majina yetu, ambayo haikubadilika tangu Septemba, aliihakiki mara tatu. Alikuwa akisema mashini haina huruma, lakini haina chuki pia, na kwamba ukiiambia ujinga, itaufanya ujinga huo kwa heshima zote.

Mimi nilikuwa mwaka wa sita, msichana pekee wa sehemu ya hesabu. Baba alikuwa mkubwa wa kupakia wagoni, mabehewa ya treni, pale stesheni, na aliniambia wazi kwamba nikimaliza shule bila nafasi ya kuendelea, nitapanda meli niende Moba kwa shangazi, kulima maharagwe. Sina ugomvi na maharagwe. Lakini mimi nilitaka mashini. Nililala nayo kichwani, nilichota maji nayo kichwani, na ndoo juu yake.

Ndipo ikaja barua. Huko Lubumbashi kulikuwa na kituo chenye mashini ya ukoo uleule wa kitabu cha Profesa, na Profesa alikuwa amewaandikia mpaka wakachoka. Wakakubali hivi: shule itume programu moja, nao wataipitisha mashinini mara moja tu. Ikitoka sawa, aliyeiandika atachukuliwa kituoni kufundishwa kazi. Ila mashini ilikuwa na shughuli nyingi, hawakuwa na dakika za kutafsiri maneno yetu kuwa tarakimu. Kazi hiyo huko hufanywa na programu nyingine, inaitwa asembleri. Sisi tulete tarakimu tayari, zimepangwa fungu kwa fungu, na kila karatasi iwe na saini mbili, ya mwandishi na ya mhakiki.

"Basi," Profesa alisema, "asembleri njo sisi."

Programu niliitunga mimi. Ilikuwa kalenda ya treni na meli. Meli ilikuja kwa siku zake, treni ilikuja kwa siku zake, na mtu wa Kalemie aliweza kumaliza ujana wake akingoja siku zitakapokutana. Mashini iandike siku zote za mwaka, moja moja, na mbele ya kila siku iseme ndiyo au hapana, zinakutana au hazikutani. Mji mzima ulipata habari. Wanawake wa bandarini waliniuliza njiani kama siku zao zimeshatoka.

Tulifanya kazi ya asembleri safari mbili, kama kitabu kilivyotaka. Safari ya kwanza tulihesabu nafasi tu, tupate kujua kila kituo cha kurukia kitaangukia benchi la ngapi. Safari ya pili tukaandika tarakimu zenyewe. Profesa akahakiki rasimu mara tatu, akaipenda, akanipa karatasi za mraba nikaandike nakala safi nyumbani.

Nilikaa mezani kwetu, mchana kweupe, baba anakula bugari, ugali wetu, pembeni. Nikaanza kunakili, na zile karantisisi zikaanza kunisumbua. Kumi na moja! Nafasi kumi na moja tupu, zinaenda Lubumbashi, kwa watu wakubwa. Nikaona aibu. Nikamwuliza baba, kana kwamba ni jambo la kawaida, kama wagoni inaweza kuondoka na nafasi tupu.

Baba alikasirika nusura apaliwe. "Na watu wako wanangoja? Hapana! Unasukuma, unapanga, unajaza. Wagoni ya nafasi ni haya ya mwenye kupakia."

Mkongo gani angemjibu? Sisi tunajua kubana. Kwenye nafasi ya mtu mmoja tunaweka watatu na mbuzi. Basi nikasukuma, nikapanga, nikajaza. Karantisisi zote nikazitoa, amri zikasogea mbele bila mnene hata mmoja kukatwa, mabenchi yakapungua, nambari za kurukia nikazirekebisha kwa uangalifu mkubwa. Ilipendeza! Hakuna pengo hata moja. Nilijiona nimemzidi asembleri wa Lubumbashi.

Asubuhi ya treni nilimkabidhi Profesa karatasi nne stesheni. Nilikwenda kumnunulia baba tumbaku, niliporudi zilikuwa zimeshasainiwa na kuingia mfuko wa barua.

Tulingoja majuma mengi. Kisha siku moja baba alikuja mbio kutoka stesheni, yeye asiyekimbia, akipiga kelele kwamba mzigo umefika na hauchukuliki na mtu mmoja. Haukuchukulika kweli. Yalikuwa maboksi mawili ya karatasi. Hebu fikiria: tulituma kurasa nne, tumerudishiwa maboksi mawili! Hatukuhitaji kufungua kujua kwamba tumeshinda. Karatasi nyingi hivyo ni za nini kama si za ushindi? Maboksi yakawekwa kwenye mkokoteni, mkokoteni ukapita barabara ya bandarini, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akatoa ngoma, na mimi nikiwa juu ya maboksi kama bibi harusi. Profesa alisukuma baiskeli yake pembeni akiimba, na sauti ile ya kukwaruza. Prefe alitoa hotuba uwanjani kabla ya kufungua. Alisema maendeleo yamefika Kalemie kwa treni.

Akafungua. Akasoma kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa: siku ya kwanza, hapana. Watu wakapiga makofi. Mstari wa pili: siku ya kwanza, hapana. Wa tatu: siku ya kwanza, hapana. Prefe akafunua ukurasa, akafunua wa kumi, akazamisha mkono mpaka katikati ya boksi.

"Sitwayen Profesa," akasema polepole, "siku ya pili iko ukurasa gani?"

Profesa akachukua ukurasa mmoja, akausogeza karibu na macho, midomo inacheza. Hakuchukua muda. Akasema, "Imerukia kwa kichwa," na hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka vifungo viwili vya abakosti vikafunguka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nami nilielewa papo hapo. Amri ya kuongeza siku moja ilitakiwa ikae kichwani mwa benchi lake. Mimi, kwa kubana, niliisogeza ikakaa benchi moja na amri inayosema anza na sifuri, tena nyuma yake. Kila mashini iliporuka kwenda kuongeza siku, ilitua kichwani, ikafuta kila kitu, ikaongeza moja. Siku ya kwanza. Ikaruka tena. Siku ya kwanza. Hadi karatasi za kituo zilipokwisha.

Mji ulicheka juma zima. Muuza maandazi aliomba maboksi, na mwaka ule wote maandazi ya Kalemie yalifungwa kwenye siku ya kwanza. Aliyechelewa kazini alisema kwake bado ni siku ya kwanza. Nilicheka nao mchana. Nikiwa peke yangu nililia, maana niliona shamba la maharagwe la shangazi, mistari yake yote.

Chini ya boksi la pili kulikuwa na barua. Kituo kilisema kazi imepangwa vizuri ila kuna kosa moja kubwa la vituo vya kuruka, na karatasi zao zimekwisha kwa ajili yake. Waliuliza jambo moja: kosa ni la mwandishi au la mhakiki? Kama ni la mwandishi, nafasi inakwenda shule nyingine.

Profesa alijibu palepale, kwenye biro, yaani ofisi, ya Prefe, mimi nimesimama mlangoni. Aliandika mstari mmoja na kuusoma kwa sauti: Kosa ni la mhakiki. Nilifungua mdomo. Akainua chaki. "Nyamaza, mutoto. Barua haikukuuliza weye."

Nikanyamaza. Sema kweli, nilifurahi kunyamaza, na furaha hiyo iliniuma miaka mingi. Nilijua rasimu aliyoihakiki ilikuwa safi, na kwamba mimi ndiye niliyeiharibu baadaye. Kituo kilinichukua. Kwake kiliandika kwamba hakitapokea tena karatasi yenye saini yake. Mtu aliyeitazama mashini kupitia kioo miaka miwili alifungiwa hata kioo kwa sababu yangu. Aliendelea kuruka mabenchi na wanafunzi wengine, nikasikia, na kwamba hakuacha kucheka.

Nilirudi kumwona baada ya miaka mingi, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire lakini treni ikija inapojisikia. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kitengo kule Lubumbashi. Nilimkuta uani kwake, macho yamekwisha, haoni tena, baiskeli imeegemea ukuta, abakosti imefungwa vifungo vyote. Alinitambua kwa hatua. Kwenye mkoba nilikuwa na kurasa sita za kazi yangu mpya, na hotuba niliyoifanyia mazoezi ndani ya treni siku nne.

Hotuba ilinipotea yote. "Profesa," nikasema, "zile nafasi tupu nilizijaza mimi."

"Najua. Nani mwingine? Baba yako njo alikuwa wa wagoni."

"Basi kwa nini uliwaongopea ju yangu?"

Uso wake ukakunjamana. Sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Nani aliongopa?"

"Uliandika kosa ni la mhakiki."

"Sikia. Ile asubuhi treni ilikuwa imeshapiga honi. Nikafungua karatasi ya kwanza, nikaona mwandiko wako. Nikafunga, nikasaini."

"Hukusoma?"

"Hata mustari moja. Kazi ya muhakiki ni kusoma. Muhakiki hakusoma. Sasa kosa ni la nani?"

"Lakini weye ulikuwa unahakiki hata majina yetu! Mara tatu!"

"Yale majina aliandika Prefe," akasema. "Ile uliandika weye."

Nilikaa kwenye kigoda chake, nikacheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote nilijiona nimeokolewa na uongo wa mtu mwema, nikaubeba kama gunia. Kumbe alisema kweli tupu, na kosa lake lilikuwa kuniamini. Nilitoa zile kurasa sita. Nikamwambia nilizileta azihakiki, kwamba nitamsomea fungu kwa fungu, mara tatu, ya tatu kuanzia nyuma, kama ilivyotakiwa iwe siku ile.

Alizipapasa pembeni, akazihesabu kwa kidole gumba, akazisawazisha gotini.

"Usinisomee," akasema. "Nionyeshe pa kusaini."